Waya Wenye Uzi Mwekundu

Saa moja na nusu asubuhi mlango wa chumba cha mbele uko wazi. Mwanamke mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wake wa kushoto umepumzika juu ya kigoda. Mapajani ametandika taulo kuukuu, na juu ya taulo kuna koleo la kubania, kiwembe, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vichwa vidogo vya plastiki vinavyopitisha mwanga kama vipande vya barafu.

Anamenya waya wa mtandao. Kiwembe kinazunguka gamba la kijivu mara moja tu, kwa wepesi wa mtu anayemenya chungwa, na ndani yake zinachomoza nyaya nane nyembamba za rangi rangi, kila mbili zimejiviringa pamoja. Anazichambua, anazipanga, anazikata ncha zilingane, anazisukuma ndani ya kichwa na kubana. Koleo linalia, waya unaangukia kapuni, mkono unachukua mwingine.

Hapo ndipo kivuli cha mtu kinapoangukia taulo.

Mlangoni amesimama mwanamume asiyemfahamu. Unga umemganda kwenye nyusi. Begani amebeba waya mrefu uliokunjwa duara kama kamba ya kutekea maji. Anautazama waya ulio mapajani mwa mwanamke, anautazama ulio begani mwake, kisha anainua ncha moja yenye uzi mwekundu uliofungwa fundo.

"Dada, samahani. Huu ni wako?"

Hakuna namna ya kuukana. Kila waya unaotoka kwenye chumba hiki hufungwa uzi mwekundu nyuma ya kichwa chake, uzi uleule aliokuwa akiwafungia watoto nywele enzi za saluni. Ni alama yake. Mtaani wanamwita Msusi hadi leo, ingawa ana miaka minne hajashika kichwa cha mtu.

Alianza kusuka akiwa msichana na akasuka mpaka mguu ukagoma. Msusi husimama. Anasimama asubuhi, mchana anakula amesimama, jioni mteja wa mwisho anasema ni mistari michache tu na anasimama tena. Mishipa ya mguu wa kushoto ilivimba ikawa kama mizizi iliyotoka ardhini. Daktari alimwambia achague kati ya mguu na saluni.

"Alimwambia achague kana kwamba miguu inauzwa dukani," anasema shangazi yake, mama mwenye ulimi mwepesi aliyemlea tangu utotoni na ambaye sasa anaishi naye katika vyumba hivi viwili. Shangazi ndiye anayekata nyuzi nyekundu. Anazikata kwa meno, kwa sababu mkasi, anavyodai, hupotea kila anapouhitaji.

Kazi ya nyaya iliingia nyumbani kwa bahati. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, ni fundi simu na wanapakana ukuta. Siku moja alikuja na waya wa mtandao uliokatika, analalamika kwamba vidole vyake vinene haviwezi kuzipanga nyaya nane kwenye kijichwa kidogo namna ile. Akamwomba amshikie kidogo wakati anatafuta miwani. Alipoipata miwani, kazi ilikuwa imekwisha.

"Nikamwambia, shemeji, vidole kama hivi kuvikunja mapajani ni dhambi," Shemeji anakumbuka.

Akamfundisha anachokijua: kumenya bila kujeruhi, kukata ncha ziwe sawa, kubana kwa nguvu moja. Akamwachia koleo la zamani na kijipimo chenye taa nane. Ukichomeka ncha mbili za waya kwenye kijipimo, taa huwaka moja baada ya nyingine. Zikiwaka zote kwa zamu, waya ni mzima. Kuhusu mpangilio wa rangi alimwambia asijisumbue, mradi upande huu ulingane na upande ule.

Msusi akazipanga kwa namna iliyompendeza macho. Chungwa kando ya mwenzake mweupe wenye mstari wa chungwa, kijani kando ya mwenzake, buluu na wake, kahawia na wake. Tena hakupenda zile nyaya zilivyojiviringa mbilimbili. Alizifumua urefu wa kidole, akazinyoosha kwa mkia wa kitana, mpaka zikalala sambamba kama nywele zilizotoka kuoshwa.

"Mimi nilikuwa nasuka watu," anasema. "Nikiona kitu kimejiviringa, mkono unataka kuchana."

Nyaya zake zikapendwa. Wanafunzi walinunua fupi za kompyuta zao, wenye maduka walinunua za mashine zao, mafundi walichukua kwa jumla wakauza kwingine. Siku nzuri hutoa nyaya kumi na mbili hivi. Faida ya waya mfupi, kwa hesabu ya Shangazi, ni mkate na maziwa. Ya mrefu inafika mpaka kwenye sabuni na kubaki ya chumvi.

Kilichowavutia wengi ni neno lake. Kila mteja alimwambia hivi: waya ukikusumbua, rudi nao, nitautengeneza upya na sitakuuliza umeufanyia nini. Kuna aliyerudi na waya uliokanyagwa na kitanda, kuna aliyerudi na waya uliotafunwa. Wote walihudumiwa. Shangazi alimwambia kwamba kama panya anakula na wao ndio wanaolipa, basi panya naye aandikwe ndugu, aje na kwenye misiba.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, mtu wa unga alipoingia, Msusi alimvutia kiti tu na kuuchomeka waya kwenye kijipimo. Taa zikawaka zote nane, kwa zamu, bila kuruka hata moja. Akarudia. Nane. Alikuwa karibu kumwambia kwamba waya ni mzima, akaiulize kampuni ya intaneti, kwani ndivyo mafundi wote hujibu.

Mgeni akaeleza, bila haraka. Yeye ni mwoka mikate. Chumba chake cha kuuzia kiko mbele, majiko yako katikati, na nyuma ya majiko kuna chumba anamoishi mama yake. Kuta za majiko ni nene, matofali juu ya matofali, mawimbi ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, hayapenyi. Ndiyo maana alinunua waya mrefu kwa fundi mmoja, akaupitisha juu ya majiko mpaka kwa mama. Unafanya kazi, lakini picha haitulii. Inakwenda kidogo, inaganda.

Msusi akamuuliza kama sauti nayo hukatika.

"Sauti siijui, dada. Mama ni kiziwi," alisema Mwokaji. "Na mdogo wake, mama yangu mdogo, naye ni kiziwi, yuko mbali. Wanazungumza kwa mikono. Mimi na wewe picha ikiganda tunaendelea kusikiana. Mama picha ikiganda, mwenzake amezibwa mdomo."

Akaongeza, huku akitabasamu kidogo, kwamba kuna kisa ambacho mama mdogo anajaribu kukimaliza kwa wiki nyingi sasa. Ni habari za harusi ya mzee mmoja wanayemfahamu tangu usichana. Kila Jumapili anaanza mwanzo, na kila Jumapili bwana harusi akishafika mlangoni kwa bibi harusi, picha inaganda. Mwaka utakwisha, bwana harusi bado yuko mlangoni.

Msusi hakujua waya una nini. Alijua tu kwamba una uzi wake. Akamwambia aache waya pale, na kwamba Jumapili mama atamwona mdogo wake mpaka mwisho wa kisa.

Shangazi alisubiri mgeni afike mbali ndipo aulize ni kwa nini anaahidi asichokijua. Msusi akauchomeka tena waya kwenye kijipimo.

Mchana wa siku hiyo alikwenda kupaona mahali penyewe, akidhani huenda waya ulibanwa kwenye kona. Haukuwa umebanwa popote. Mama wa Mwokaji aliketi kitandani karibu na dirisha, mwembamba, macho makali, kitambaa kimefungwa kichwani. Msusi alipiga goti kidogo kumwamkia, kisha akakaa kupima tundu la waya nyuma ya kompyuta, akitia na kutoa nyaya zake za majaribio. Mama alikuwa akimtazama vidole. Akamgusa mwanawe na kuzungumza kwa mikono.

"Anasema unaongea upesi sana," Mwokaji akatafsiri, "lakini haelewi unasema nini."

Walicheka wote watatu. Mwokaji akamweleza mama kwamba mgeni alikuwa msusi. Mama akavua kitambaa. Chini yake nywele zilikuwa nyeupe, zimesimama huku na huku kama pamba iliyotoka kwenye mto. Alionyesha kioo cha kompyuta, akaonyesha kichwa chake, akafanya uso wa kujionea huruma. Hapakuwa na haja ya mkalimani, lakini Mwokaji alitafsiri hata hivyo: mdogo wake huko aliko amesukwa kila Jumapili, na yeye anaonekana kama mtu aliyetolewa kwenye gunia la unga.

Msusi akagusa zile nywele. Akasema atamsuka Jumapili, kabla ya mazungumzo, akiwa ameketi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la pili kwa siku moja.

Jumanne aliupata ugonjwa wa waya, na aliupata kwa njia ileile aliyojifunzia kusuka. Zamani akiona mtindo mpya kichwani mwa mtu sokoni, alimfuata nyuma hatua chache akiusoma, akifika nyumbani anausuka. Sasa aliazima kwa Shemeji waya uliokuja na ruta kutoka kiwandani, akausogeza dirishani penye mwanga, akausoma kichwa chake kama alivyosoma vichwa vya watu.

Aliona mambo mawili. La kwanza, kijani na mwenzake hawakukaa pamoja. Buluu na mwenzake walikuwa wameingia katikati yao. La pili, nyaya zilikuwa bado zimejiviringa mbilimbili mpaka mdomoni kabisa mwa kichwa, na gamba la nje lenyewe limeingia ndani na kubanwa humo. Hapakuwa na sehemu iliyochanwa.

Shemeji alikwenda kumuuliza rafiki yake anayefunga mitambo ya intaneti maofisini, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Maelezo aliyoleta yalikuwa hivi. Nyaya hujiviringa mbilimbili ili kila jozi inong'onezane yenyewe bila kusikia kelele za jirani. Mashine nayo ina desturi yake: inamchukua wa kwanza na wa pili kuwa jozi moja, na wa tatu na wa sita kuwa jozi nyingine. Katika mpango wa Msusi wa tatu alikuwa wa kijani, na wa sita alikuwa wa buluu.

"Shemeji, umeozesha watu wasiochumbiana," alisema. "Kwenye chumba kidogo wanavumiliana. Kwenye nyumba ndefu hawasikilizani."

Waya mfupi, yaani, haujali sana. Ni mrefu ndio unaoumia. Na kijipimo cha taa nane hakiwezi kujua, kwa sababu kinauliza tu kama kila uzi umefika upande wa pili, hakiulizi umefika na nani.

Kisha Shemeji akaacha kucheka. Alikumbuka ni nani aliyesema rangi si za kujisumbua nazo. Akaomba radhi, mara mbili. Msusi anasema alimjibu kwamba ushauri ulikuwa wa shemeji lakini uzi mwekundu ni wake, na watu wanarudi kwenye uzi.

Waya wa Mwokaji ulimchukua dakika chache. Alikata ncha zote mbili, akamenya kidogo tu, akaacha misokoto ifike mpaka mdomoni, akamweka buluu na mwenzake katikati ya kijani, akabana. Taa zikawaka nane, sawasawa na zilivyowaka jana. Kijipimo hakikuona tofauti yoyote. Wakauamini tu, wakaupeleka.

Tatizo kubwa lilikuwa nyumbani kwake, kwenye kona ya chumba, limefungwa vizuri kwa mipira ya kubania pesa.

Wiki hiyo Msusi alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Chuo kimoja cha kompyuta kilikuwa kinafungua darasa jipya na kilimwagiza nyaya thelathini ndefu, zifike Ijumaa. Boksi la waya alilinunua kwa akiba yake na ya Shemeji. Malipo ya chuo yangetosha kupanga kibanda cha barabarani, chenye meza ya kimo chake, ili asimenyee tena nyaya mapajani. Nyaya ishirini na mbili zilikuwa tayari. Zote ndefu. Zote zimechanwa kama nywele.

Shangazi alizitazama, akamtazama mtoto wa kaka yake. Alimwambia azipeleke. Taa zinawaka, darasa litafunguliwa, na zikisumbua watarudi na atazitengeneza, kwani si ndivyo anavyowaambia watu siku zote? Hakuwa anamshauri uovu. Alikuwa amelea mtoto yule kwa kuuza maandazi, na alikitaka kile kibanda kuliko yeye mwenyewe.

"Nilikaa nazo," anasema Msusi. "Nikafikiria mwanafunzi amekaa mbele ya mashine, inaganda, anadhani yeye ndiye hajui. Hilo ndilo lililoniuma. Mama wa mikate alikuwa anatikisa kompyuta akidhani ni yeye aliyeharibu."

Akachukua kiwembe, akaanza kukata vichwa.

Kichwa cha waya kikishabanwa hakibanduki. Kila waya uliorekebishwa ulikula vichwa viwili vipya, na viwili vya zamani vikaenda kwenye ndoo. Halafu wakati anakata vya chuo, akili ilimkumbusha wengine: duka la vitabu la kona, mama mwenye nyumba ya wageni, kijana wa studio ya picha. Wote walinunua ndefu. Hakuna aliyelalamika, labda kwa kuwa kila mtu huilaumu kampuni ya intaneti. Aliwafuata mmoja mmoja kwa mguu wake mbovu, kapu mkononi, akieleza shida mlangoni na kubana papo hapo. Mama wa nyumba ya wageni alidhani ni utapeli mpya, akamsimamia kichwani mpaka mwisho. Alipoona haombi kitu, akamletea maji ya kunywa na kumuuliza kama huwa anatengeneza na mabomba.

Alhamisi kopo la maziwa lilibaki na vichwa vinne. Duka lililokuwa likimuuzia lilisema mzigo mwingine unakuja wiki ijayo.

Ijumaa alipeleka chuoni nyaya kumi na tano nzuri badala ya thelathini, na akaeleza ni kwa nini. Mkuu wa chuo, mwanamama wa maneno machache, alimsikiliza hadi mwisho. Alizipokea zile kumi na tano na kuzilipia palepale. Kuhusu zilizobaki alisema darasa linafunguliwa Jumatatu kwa vyovyote. Atampa fundi mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alimsindikiza mpaka langoni.

Nyumbani Shangazi alikaa na uzi wake. Alikata nyuzi nyekundu kwa meno, nyingi kuliko zilizohitajika.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Alikuwa mkuu wa chuo. Fundi mwingine hakutokea. Vichwa vya waya vimepatikana, pakiti nzima, na kama Msusi angefika saa saba mchana na kufunga safu iliyobaki kabla mlinzi hajafunga jengo saa kumi, malipo yote yangekuwa yake, na darasa la pili litakalofuata pia. Msusi aliuliza kama angeweza kuanza jioni. Haikuwezekana. Aliuliza kama kesho alfajiri. Kesho alfajiri wanafunzi watakuwa mlangoni.

Mama wa Mwokaji alikuwa anamsubiri saa sita na nusu. Mdogo wake huko mbali angekuwa mbele ya kompyuta ya jirani saa tisa, na jirani huyo humpa saa moja tu, mara moja kwa wiki.

"Nikamwambia mama mkuu, nina ahadi," anasimulia Msusi. "Akaniuliza, ahadi ya kazi gani? Nikasema, ya kusuka nywele. Akanyamaza. Nadhani alikuwa anatazama kama amepiga namba sahihi."

Shemeji alijitolea kwenda chuoni badala yake, vidole vinene na yote. Mkuu alikubali kwa kukosa njia. Alifunga nyaya tano, kwa taratibu sahihi, jasho likimtoka, na mlinzi alipokuja na funguo ilibidi fundi wa tatu aitwe Jumatatu kwa bei ya juu. Darasa la pili limekwenda kwa fundi huyo. Kibanda nacho kimepata mpangaji, anauza viatu.

Msusi anayaeleza haya bila kukunja uso. Anasema barabara ina vibanda vingi na wauza viatu hawakai. Nyaya ishirini za darasa lile zinafanya kazi, na kila moja ina uzi wake mwekundu nyuma ya kichwa. Mwalimu mmoja wa pale amekwishamfuata nyumbani kununua wa kwake. Mwokaji naye amemwambia kwamba ubao ulio karibu na mlango wa duka, mahali wateja wanaposubiri mikate itoke, umekaa bure. Anaweza kutundika nyaya zake hapo bila kodi, mradi zisigusane na mikate.

Mpango wake mkubwa hauhusu kibanda tena, au hauhusu kibanda peke yake. Anawafahamu wasusi wawili aliofanya nao kazi, ambao sasa wanakunywa dawa za maumivu ili wamalize siku. Anataka kuwafundisha. Ameshaandaa waya wa kufundishia, wenye kichwa cha kiwandani upande mmoja na upande wa pili mtupu.

"Wao watajifunza upesi, vidole wanavyo," anasema. "Nitakachowaambia siku ya kwanza ni kimoja. Hapa usichane."

Hayo ya kibanda na mpango alikuja kuyasema baadaye. Jumapili ile, saa nane na dakika arobaini hivi mchana, mdomo wake hauna nafasi ya maneno. Meno yake yameshika kitana.

Ameketi kitandani kwa mama wa Mwokaji, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya godoro. Mama ameketi chini mbele yake kwenye kigoda, mgongo umeegemea ubavu wa kitanda. Chumba kina joto la majiko na harufu ya mikate. Nusu ya kichwa imeshasukwa, mistari myembamba inayotoka usoni kurudi kisogoni, myeupe kama chaki. Vidole vya Msusi vilisitasita kwenye mstari wa kwanza. Kwenye wa pili vilikumbuka.

Waya unashuka kutoka juu ya mlango, unazunguka fremu, unaingia nyuma ya kompyuta iliyowekwa juu ya kreti la mikate. Mwokaji amekaa kando ya kreti, mikono mapajani, aproni bado kiunoni.

Zimebaki dakika chache kufika saa tisa wakati anamalizia mstari wa nyuma ya sikio, na nusu nyingine ya kichwa bado imesimama kama pamba. Msusi anauliza kama wasubiri. Mama anakataa kwa mkono. Aonwe hivyohivyo, huku kazi ikiendelea.

Kioo kinawaka. Anatokea mwanamke anayefanana na mama kama nakala yake, mwenye mashavu zaidi. Jambo la kwanza analofanya ni kusogeza uso karibu na kuuliza kwa mikono. Mwokaji anatafsiri kwa sauti ya chini: anauliza ni nani huyo anayemsuka mama. Mama anaonyesha nyuma yake kwa kidole gumba. Kisha anavuta waya kidogo kutoka nyuma ya kompyuta na kuinua uzi mwekundu mbele ya kioo, ili mdogo wake auone.

Halafu mikono ya mama mdogo inaanza kisa, mwanzo kabisa. Inaenda upesi, inapaa, inashuka, inagongana. Mama amekaza macho. Mwokaji anatafsiri vipande vipande: harusi ilikuwa jioni, bwana harusi amekunywa kidogo, amevaa viatu vya kaka yake vilivyombana, ndugu wanamsindikiza kwa nyimbo, sasa wanafika kwa bibi harusi, sasa bwana harusi yuko mlangoni.

Mwokaji anasogea karibu na kioo. Vidole vya Msusi vinasimama katikati ya mstari. Hakuna anayeitazama picha kama picha. Wanaangalia tu kama itaganda.

Mikono inaendelea.

Inaendelea, inageuka, inafungua mlango usioonekana, inaingia. Mama anaanza kutikisika. Kicheko kinamtoka kifuani, kikubwa, chenye mikwaruzo, kicheko cha mtu ambaye hajawahi kujisikia akicheka na hana sababu ya kukipunguza. Kichwa kinamwenda huku na huku, mstari unapinda mikononi mwa Msusi. Anaufumua, anauanza tena.

"Ameingia?" anauliza.

Mwokaji ameinamisha uso, masikio yamemwiva.

"Ameingia."

"Ikawaje?"

Anatazama mikono ya mama yake mdogo kidogo zaidi, kisha anageukia ukutani.

"Dada," anasema, "wewe suka."